Punguza Sherehe, Usipunguze Jasho la Aliyekufumia



Leo sina pishi, sina siri ya ndoa, wala sina singo ya kumng'arisha bi harusi. Leo nina ugomvi. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu mkiona nimekosea mnirudi, maana muumini ni kioo cha mwenzake.

Ugomvi wenyewe ni wa sweta. Si lile zito la kwenda nalo Lushoto. Nasema lile sweta jepesi la kike linalofumwa kwa kroshia: uzi wa pamba, matundu madogo madogo, mikono mirefu, shingo ya V. Linavaliwa juu ya gauni, halibani wala halichomi. Mimi nina fremu ndogo Kariakoo. Nashona, na masweta haya nayauza. Kwa miaka michache hii nimeyauza kwa mabibi harusi wa Dar na wa Unguja, na nimesikia maneno ambayo nikilala yananirudia. Leo nayatoa.

"Nani anavaa sweta Dar?"

Hilo ndilo la kwanza, na huwa linasemwa kwa kicheko. Sawa, tucheke wote. Lakini dada yangu, wewe uliyepanda boti ya saa moja asubuhi kutoka Unguja mwezi wa saba, kusi inavuma, umekaa juu sitahani na gauni la mikono mifupi chini ya buibui jembamba, ulicheka? Wewe unayekaa benki au ofisini chini ya kiyoyozi tangu asubuhi mpaka alasiri, magoti yanauma, ulicheka? Kumbi zetu za harusi siku hizi zina baridi mpaka maua hayanyauki. Bi harusi anakaa pale jukwaani saa tatu, mabega yanamtetemeka, picha zinatoka uso umekakamaa.

Halafu kuna suala la nguo yenyewe. Magauni mengi ya harusi ya kukodi yanakuja bila mikono, au mikono inaishia begani. Dada anataka kuvaa la heshima siku ya nikahi, mbele ya baba zake wadogo na mashahidi, na gauni halimsitiri. Sweta jepesi la rangi ya maziwa au ya dhahabu, lililofumwa kwa kipimo chake, linalitengeneza gauni lile upya. Na mama anayenyonyesha anajua faida ya shingo ya V bila mimi kumweleza.

Kwa hiyo sweta lina mahali pake Pwani. Ugomvi wangu haupo hapo.

"Si unafuma huku umekaa tu?"

Hapa ndipo moto unapowaka.

Mteja anaingia dukani. Analishika sweta, analigeuza, analipenda, naona kwenye macho. Anauliza bei. Namwambia 90,000. Analiweka chini kama limemuunguza. "Dada, 90,000 kwa uzi? Si unafuma huku umekaa tu, unatazama tamthilia?"

Sasa tukae tuhesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Sweta la mwanamke wa mwili wa kati, upana wa mbele sentimita 50, urefu sentimita 55. Kwa uzi ninaotumia na sindano ya kroshia ya milimita 4, sentimita 10 zinachukua vishono 16 kwenda upande, na mistari 9 kwenda juu. Mgongo peke yake ni vishono 80 kwa mistari 50, yaani vishono 4,000. Mbele karibu hivyo hivyo. Mikono miwili ni zaidi ya vishono 4,000 tena. Jumla ni kama vishono 12,000, na kila kimoja kimevutwa kwa kidole cha mtu. Kishono kimoja kwa mfumaji mzoefu ni sekunde 6 au 7. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya saa 20 za kuvuta uzi tu, bila kunyanyuka, bila kuhesabu upya, bila mtoto kulia.

Na hapo shingo bado. Hiyo V unayoiona imetulia ina kazi yake. V yangu naianza sentimita 15 chini ya bega, si zaidi. Kipande cha mbele unakigawa katikati sawasawa, halafu kila mstari unapunguza kishono kimoja upande wa shingo, mistari 14 kulia na mistari 14 kushoto. Ukikosea kimoja upande mmoja, V inapinda, na sweta zima linavutika kuelekea bega moja kama mtu aliyebeba ndoo. Dawa yake ni kufumua. Baada ya hapo kuna kuunganisha mabega, kutia mikono, kuzungushia ukingo wa shingo ili usilegee, kulifua na kulitandaza lishike umbo. Mwisho wa yote ni saa 30, ukienda mbio.

Uzi ni donge 8 za gramu 50. Kwa bei niliyonunulia mimi mara ya mwisho, 3,500 kila donge, hiyo ni 28,000 kabla sindano haijaguswa. Sasa mteja ananiambia nitakupa 35,000 na unishukuru. Toa 28,000 ya uzi. Zimebaki 7,000. Gawa kwa saa 30. Kila saa ya mwanamke aliyeinamisha shingo inapata kama shilingi 233. Hiyo haifiki hata nusu ya nauli ya daladala.

Kukaa tu! Macho yanauma, kidole cha shahada kinaota sugu, shingo inakakamaa, kiuno usiku hakilali. Mtu akikaa kwenye kompyuta saa 8 tunasema ana kazi ya maana. Mwanamke akikaa na sindano saa 8 tunasema amekaa tu. Tofauti ni nini, kama si kwamba huyu wa pili ni mwanamke na yuko nyumbani?

"Mbona Mtaa wa Kongo ni 22,000?"

Ni kweli. Nenda Mtaa wa Kongo asubuhi, utayakuta yametundikwa, yamepangwa barabarani, yanaitiwa kwa spika. Nenda Karume utayapata ya mtumba kwa bei ya chini zaidi. Na mimi sisemi kuyanunua ni dhambi. Kama mfuko wako ni wa 22,000, nunua, vaa, umshukuru Mola wako. Wauzaji wale nao ni ndugu zetu wanatafuta riziki juani.

Lakini usichukue bei ile ukaja kunipigia nayo kichwani, kwa sababu si kitu kimoja. Sweta za kawaida za dukani zinafumwa na mashine. Kroshia ya kweli mashine haijaiweza mpaka ikaijaza sokoni. Ni mkono na sindano yenye ndoano, kishono kimoja kinafungwa ndipo kinakuja kingine. Kwa hiyo ukiona kitu kinaitwa kroshia kinauzwa kwa bei ya sahani mbili za biriani, ni moja kati ya mawili. Ama ni mashine iliyoiga sura ya kroshia, ama ni kroshia kweli, na huko kilikotoka kuna dada mwingine aliyevuta vishono 12,000 akalipwa kisichosemeka. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka kule Bangladesh likaua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake na wasichana waliokuwa wakishona nguo za bei poa za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, wakaambiwa warudi kazini. Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema. Mara nyingine huvunja na mpishi.

Na hebu tutazame nyumbani kwetu. Bwana harusi wa Unguja akitaka kofia ya mkono, ile ya viua iliyotobolewa tundu kwa tundu, anajua bei yake ni mara nyingi ya kofia ya mashine. Anajua kofia ile imekaa miezi mikononi mwa mwanamke kule Unguja au Pemba. Analipa, anaivaa na kanzu yake, na wenzake wakiitazama tu wanajua ni ya mkono, wanamheshimu. Hakuna anayemwambia fundi "si ulikuwa umekaa tu". Basi kwa nini kazi ya mkono ikikaa kichwani kwa mwanamume ni heshima, na kazi ya mkono ileile ikikaa mabegani kwa mwanamke ni "uzi tu"?

Mama wa Buguruni

Nimesema sana juu ya wateja. Sasa niseme juu yangu, kwa sababu ugomvi usioanzia nyumbani ni kelele.

Kuna bi harusi mmoja wa Unguja aliniagiza masweta saba ya rangi ya maziwa, yeye na dada zake na mashoga zake, wavuke nayo kwenye boti na wakae nayo ukumbini. Tulikubaliana 75,000 kila moja. Alinipa arbuni kidogo, nikanunua uzi. Masweta sikuyafuma mimi. Ninao wanawake wanne wanaonifumia majumbani kwao, na huyu aliyechukua matano ni mama mtu mzima wa Buguruni, mjane, anayelea wajukuu watatu. Nilimwahidi 25,000 kwa kila moja.

Siku kumi kabla ya harusi nikapata ujumbe wa sauti. Dada ameona ya namna ileile Kariakoo kwa 22,000. Anataka nimfanyie 35,000, ikishindikana basi, arbuni atasamehe. Anasamehe, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea! Manne yalikuwa yameshakwisha, la tano limefika shingoni.

Wallahi nilimtukana moyoni. Halafu nikafanya nini? Nikapanda daladala mpaka Buguruni, nikakaa kwenye mkeka wa yule mama, nikamweleza hali, nikamwomba apokee 10,000 badala ya 25,000. Na nilijiona mkarimu, kwa sababu kwa 35,000 mimi nilikuwa naingia hasara ya 3,000 kwa kila sweta. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Sawa mwanangu." Hakulia, hakulalamika. Akachukua lile la tano ambalo halijaisha, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kulifumua na kuuviringisha uzi donge. "Uzi wako usipotee," akaniambia.

Nikarudi Kariakoo na donge zangu kwenye mfuko. Usiku ule nikakumbuka aya tuliyosomeshwa madrasa, ya Surat An-Nahl, aya ya 92, inayotukataza tusiwe kama yule mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni hadithi ya mwanamke punguani. Aya inazungumzia watu wanaovunja ahadi zao. Nikajiuliza: katika kisa hiki, aliyefumua ni nani? Si yule mama. Mikono ilikuwa yake, lakini aliyefumua ni bi harusi, na aliyefumua baada yake ni mimi. Yeye alinidhulumu mimi, mimi nikaishusha ile dhuluma kwa aliye chini yangu, na yeye hakuwa na wa kumshushia isipokuwa wajukuu.

Nilimlipa haki yake yote, 25,000 kwa yote matano, hata lile lililofumuliwa. Ilinichukua miezi mitatu. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na jasho la yule mama lilikuwa limekauka zamani. Kwa hiyo sijisifu hapa, ninatubu mbele yenu.

"Harusi yenye baraka ni ya gharama ndogo"

Hii ndiyo silaha kubwa ya dada zetu wa siku hizi, na ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaishika dini kwa upande wa makali wakamkata nayo maskini. Ukimtajia bei anakukumbusha kwamba ndoa yenye baraka zaidi ni ile yenye gharama nyepesi.

Amesema kweli, na mimi naamini hivyo hivyo. Lakini dada yangu, gharama nyepesi maana yake punguza vitu. Haina maana ya kupunguza haki za watu. Kama huna uwezo wa masweta saba, agiza moja la kwako. Kama huna uwezo wa moja, vaa mtandio wa bibi yako, na baraka inshaallah utaipata. Ila ukiagiza saba halafu ukayataka kwa bei ya mawili, hujapunguza gharama ya harusi. Gharama iko palepale, umeihamisha tu kutoka mfukoni mwako kwenda mfukoni mwa mjane.

Na mara nyingi bi harusi huyu huyu ukumbi hakuomba upunguzwe. Mpiga picha za video alilipwa kabla. Mapambo na keki ya ghorofa zililipwa bila maneno. Wenye sauti kubwa wanalipwa. Anayebanwa ni aliyekaa mkekani, asiye na mkataba, asiye na risiti, anayesema "sawa mwanangu".

Someni Surat Al-Mutaffifin, dada zangu. Tumezoea kudhani inamhusu muuza mchele mwenye mizani mbovu. Inawataja watu ambao wakipokea kwa wengine wanataka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Je, ukilikagua sweta kishono kwa kishono, ukanirudishia kwa sababu V imekwenda upande kwa nusu sentimita, halafu ukanilipa nusu ya tuliyokubaliana, wewe uko wapi katika sura hiyo? Na mimi mwenye duka, nikichukua 90,000 kwako nikampa mfumaji 10,000, niko wapi?

Na wale wa "shingo ya V haina stara"

Nipite hapa kwa haraka. Kuna wanaosema sweta la shingo ya V halimfai mwanamke wa Kiislamu. Mimi si alimu, hukumu muulizeni shehe au mwalimu wenu. Lakini nijuavyo, aya ya 31 ya Surat An-Nur imewaamrisha wanawake waumini washushe shungi zao zifunike uwazi wa nguo zao kifuani. Yaani shingo za nguo zilikuwa na uwazi tangu enzi hizo, na amri ikaja ya kuufunika. Sweta hili ni la juu ya gauni la shingo ya kufunga, na shungi inashuka juu yake. Likiwa na matundu, ndani pana nguo kamili. Likivaliwa wanawake kwa wanawake ukumbini, hiyo ni habari nyingine. Lakini msiniambie kwamba mnaikataa bei yangu kwa ajili ya stara, wakati lile la Mtaa wa Kongo mlilonunua nalo ni la V, tena imeteremka mpaka tumboni.

Basi tufanyeje?

Kwa bi harusi anayetaka kuagiza:

Agiza mapema. Sweta moja kwa mfumaji mmoja anayepika, anayeosha na anayelea ni wiki mbili. Masweta saba kwa siku kumi na nne ni kuwakesha watu. Msimu wa Shaaban na Shawwal harusi ni nyingi, kwa hiyo njoo miezi miwili kabla.

Pimwa. Kifua, bega kwa bega, urefu wa mkono, na V unataka ianzie wapi. Usitume picha ya intaneti ukasema "kama hii". Yule wa kwenye picha si wewe.

Andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, imekuja kutufundisha kuandika deni la muda. Karatasi ya daftari inatosha: rangi, uzi, vipimo, bei, tarehe, nani kalipa nini. Na wanazuoni wameieleza biashara ya salamu, ambapo mnunuzi analipa bei yote mbele kwa kitu kilichotajwa sifa zake, kiasi chake na muda wake. Ukiweza kulipa yote, lipa. Usipoweza, angalau uzi na nusu ya kazi.

Kama fedha ni ndogo, sema mapema na useme ukweli. Naweza kukufumia kikoti kifupi kisichofika kiunoni, uzi unapungua karibu nusu na kazi vilevile. Naweza kukupokelea kidogo kidogo. Unaweza kununua uzi wako mwenyewe. Na kama unataka kujifunza kufuma, njoo siku ya Jumapili, sindano moja na donge moja vinatosha kuanzia. Ukishafuma mgongo mmoja wa vishono 4,000, wallahi hutauliza tena kwa nini ni 90,000.

Kwa wenzangu wenye fremu, hili ni letu sote, Kariakoo na Darajani:

Tuandike kwenye kitambulisho cha nguo saa zilizotumika, ili mteja aone. Tumlipe mfumaji siku anayoleta kazi, si siku mteja atakapolipa. Hasara ya mteja mbaya ni yetu sisi wafanyabiashara, ndiyo maana faida nayo ni yetu. Na tumpe bei ya haki. Mimi sasa natoa 45,000 kwa sweta. Uzi 28,000. Zinabaki 17,000 za kodi ya fremu, umeme, nauli na chumvi yangu. Siyo utajiri, lakini usiku nalala.

Na kwa mama zangu na dada zangu mnaofuma: jifunzeni kusema hapana. Allah alimfundisha Nabii Daud, amani iwe juu yake, kutengeneza mavazi ya chuma, na akaambiwa apime sawasawa katika kuunganisha viungo vyake. Mtume mfalme, na kazi yake ya mikono ni kuunganisha kiungo kwa kiungo. Sisi tunaunganisha kishono kwa kishono. Hakuna unyonge katika hilo. Unyonge ni kukubali 7,000.

Mwisho, nawakumbusha jina la mahali ninapofanyia kazi. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, wengi wakafa kwa maradhi na uchovu, na wengi wao ujira wao haukuwafikia wao wala watoto wao. Zaidi ya miaka 100 imepita. Tunapita pale kila siku tunaombana bei, juu ya jina la watu waliofanya kazi wakadhulumiwa. Tusiongeze deni juu ya deni.

Bi harusi mtarajiwa, siku yako ikifika, utakuwa umevaa gauni, dhahabu za mama yako, hina mikononi, na labda sweta jepesi mabegani. Kila anayekuona atakuombea dua. Hakikisha yule aliyekaa mkekani Buguruni na sindano yake naye anakuombea, kwa sababu dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola wake.

Allah azibariki harusi zenu, atuzidishie riziki ya halali, na atusamehe tuliyopunja kwa kujua na kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.